Mgongo uupe mkono wa nani: mkandaji, mrudisha mifupa au kine?

Ukiishi Kadutu, hapa Bukavu, huhitaji kitabu kujua uti wa mgongo unaanzia wapi na unaishia wapi. Maji yakikatika unashuka na bidoni tupu, unapanda nayo imejaa, na lita 20 ni kilo 20 zinazoning'inia upande mmoja wa mwili. Mwaka juzi, kwenye ngazi za udongo nyuma ya nyumba yetu, nilihamisha bidoni kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto bila kuitua. Kiuno kikanishika palepale. Nikabaki nimeinama kama mtu aliyedondosha sarafu, hadi watoto wa jirani wakaja kunikokota.

Kufika jioni nilikuwa na waganga watatu. Mama mkwe alikuwa ameshabandika sufuria. Jirani yetu, motari (dereva wa pikipiki ya abiria), alisema anamjua mzee mmoja huko Cimpunda anayerudisha mifupa mahali pake. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi, akapiga simu: "Yaya, usikubali mtu akuguse huo mgongo. Asubuhi uende kwa kine." Kine ndiye ambaye Nairobi na Dar wanamwita mtaalamu wa fiziotherapia.

Niliwasikiliza wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na baadaye nikaongeza wengine kwa udadisi tu. Kwa hiyo anayelinganisha hapa ni mtu aliyelala kwenye mikeka na vitanda vyao, kisha akasoma ili aelewe alichofanyiwa. Namwandikia yule ambaye leo amesimama pale nilipokuwa nimesimama mimi. Au tuseme, ameinama.

Maji moto na mafuta ya nyumbani

Tuanze na Mama mkwe, maana ndiye aliyefika wa kwanza na hakudai hata faranga moja. Maji yenye chumvi na majani ya mikaratusi, kitambaa kinachochovywa na kukamuliwa, kisha mawese ya vuguvugu au bome, ile dawa ya kuchua ya Kichina. Kitambaa kikitulia kiunoni, misuli iliyokakamaa hulegea, damu hupita vizuri zaidi, na mguso wenyewe hutuliza mishipa ya fahamu. Bome nayo ina mentoli, inayoidanganya ngozi ihisi ubaridi na kusahau maumivu kwa muda. Usiyadharau hayo. Kwa uchovu wa kufua siku nzima, kwa shingo iliyolala vibaya, kwa mabega ya mtu aliyetoka shambani, mimi mwenyewe siendi mbali zaidi ya sufuria hiyo.

Tatizo la Mama mkwe ni imani yake. Akikuta fundo, hubonyeza kwa kiwiko, na ukipiga kelele anauliza:

"Inaluma?"

"Inaluma, Mama!"

"Basi njo inatoka."

Imani hiyo utaikuta Bukavu nzima: mkono usioumiza si dawa. Nilipoanza kusoma nikakutana na jaribio lililofanywa upande wa Seattle, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011. Watu 401 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilipewa masaji ya kina, ile inayowinda misuli na viungo vyenye hitilafu. La pili lilipewa masaji laini ya kupumzisha mwili tu. La tatu likabaki na tiba yake ya kawaida. Baada ya wiki 10, makundi mawili ya masaji yalikuwa na nafuu kuliko la tatu, na kati ya hayo mawili hapakuwa na tofauti ya maana. Yaani kiwiko cha Mama mkwe hakikunipa kitu ambacho kiganja chake kisingenipa. Nilimweleza hivyo. Alinitazama, akaendelea.

Moto pia una siku zake. Kifundo cha mguu kilichoteguka leo na kuvimba, usikikande leo wala usikitie maji moto. Kifunge kwa kitambaa bila kubana sana, kiweke juu ya mto, kipoze kwa maji baridi. Maji moto yasubiri uvimbe ushuke.

Masaji zenye majina ya nchi

Ukikutana na orodha ya masaji kwenye hoteli au saluni, hapa kwetu au ukivuka kwenda Kigali, majina yatakuchanganya kuliko bei. Ya Kiswidi ndiyo ya kawaida: unavua nguo, unafunikwa shuka, mafuta yanapakwa, mkono unateleza, unafinya, unasugua, unapigapiga. Sifa zake kwa kawaida hupewa Per Henrik Ling, mwalimu wa mazoezi ya viungo wa Stockholm aliyefariki mwaka 1839, lakini anayetajwa kuwa ndiye aliyezipanga mbinu hizo ni daktari wa Uholanzi, Johan Georg Mezger. Majina ya mbinu zenyewe ni effleurage, pétrissage, friction na tapotement, na sisi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunayaelewa bila kamusi. Masaji ya Kiswidi, kazi ya Mholanzi, kwa Kifaransa: haya.

Ya Kithai ni kitu kingine kabisa. Unabaki na nguo zako, unalala chini kwenye godoro jembamba, na mwenzako anatumia viganja, viwiko, magoti na hata nyayo kukubonyeza, kisha anakukunja na kukuvuta kama mtu anayenyoosha shuka lililotoka kufuliwa. Shule yake mashuhuri iko kwenye hekalu la Wat Pho, Bangkok, na mwaka 2019 UNESCO iliingiza masaji ya Kithai kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Shiatsu ya Wajapani nayo hufanywa ukiwa umevaa, ila yenyewe ni hasa vidole gumba vinavyobonyeza hatua kwa hatua. Aliyeieneza ni Tokujiro Namikoshi, aliyefungua chuo chake Tokyo mwaka 1940. Zote mbili zina nadharia za njia za nguvu ndani ya mwili. Wapasuaji hawajawahi kuziona njia hizo, lakini kidole gumba juu ya msuli uliokaza hufanya kazi yake bila kusubiri nadharia.

Tofauti kubwa kwangu ilikuwa nguo. Mama wa hapa, tena mke wa mtu, kuvua nguo mbele ya kijana asiyemjua ni kesi nyumbani. Na tuseme ukweli, neno "masaji" mjini lina harufu yake, kuna vyumba ambavyo mgongo ni kisingizio. Ukiona mlango unafungwa kwa ufunguo, hakuna shuka la kukufunika na hakuna aliyekuuliza unaumwa wapi, ondoka.

Kwa kiuno kilichoshika ghafla kama changu, hizi zote zinapumzisha na kusaidia usingizi, basi. Ile ya Kithai usimpe mzee ambaye mifupa yake imekuwa dhaifu, wala mtu ambaye maumivu yanamshuka mguuni kama umeme. Kumkunja mtu wa namna hiyo ni kuchochea moto.

Mkono unaoliza mfupa

Siku ya tatu nilipanda pikipiki ya motari wangu hadi Cimpunda. Mzee alinikalisha kwenye kibao, akaweka goti mgongoni, akanishika mabega na kunivuta nyuma. Kaa! Nilisimama wima kwa mara ya kwanza tangu siku ya bidoni, nikacheka peke yangu kama mlevi. Nililipa kwa furaha. Usiku uliofuata kiuno kikarudi palepale. Nikaambiwa mfupa "umetoka tena", nirudi. Nikarudi mara mbili.

Sauti ile, ambayo ndiyo tunayoilipia, haitokani na mfupa unaorudi nyumbani kwake. Ndani ya kiungo kuna majimaji yenye hewa iliyoyeyuka. Kiungo kikivutwa ghafla, shinikizo hushuka, hewa hujikusanya kuwa povu, na hapo ndipo panapolia. Vidole vyako hulia hivyo hivyo na havijawahi kutoka mahali pake. Nafuu inayofuata ni ya kweli, kwa kuwa misuli hulegea na ubongo hupunguza kengele kwa muda, lakini haikai.

Ulaya na Marekani kazi hii ina shule mbili kubwa. Osteopatia ilianzishwa na Andrew Taylor Still, daktari wa Marekani, mwaka 1874. Kairopraktiki ilianza mwaka 1895 pale Davenport, jimbo la Iowa, Daniel David Palmer alipomsukuma mgongo mfanyakazi wa usafi aitwaye Harvey Lillard, ambaye alikuwa hasikii vizuri, na ikasemwa kwamba usikivu ukarudi. Fikiria: tiba ya mgongo inayojulikana dunia nzima ilizaliwa kutokana na sikio. Leo wenye shule hizo husoma miaka mingi, na kwa maumivu ya kiuno matokeo yao yanalingana na ya mazoezi na tiba nyingine zinazopendekezwa, hayazidi. Hapa Bukavu sijawahi kuona kibao cha kairopraktiki. Tulichonacho ni mzee wa Cimpunda na vijana waliojifunza kwenye video za simu, na hao vijana ndio wananitia hofu. Kuzungushwa shingo kwa nguvu kunaweza, mara chache sana lakini kunaweza, kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo, na mtu akapooza. Kwa hiyo ushauri wangu hauna nusu: shingo yako usimpe mtu yeyote aizungushe ghafla.

Simdharau muunga mifupa wa kijijini. Mahali ambapo hospitali iko mwendo wa siku nzima, yeye ndiye aliyepo, anaongea lugha yako, hadai fishi, ile kadi ya kulipia hospitalini, na kuku mmoja anatosha. Ila kuna mambo mawili nimeyaona na hayanitoki. La kwanza ni mbao zilizofungwa kwa kukaza mno juu ya mkono uliovunjika. Vidole vikawa baridi, vikabadilika rangi, damu haipiti. Bila kufunguliwa haraka, mkono huo unakatwa. La pili ni mtoto wa jirani aliyeanguka kwenye ngazi akaumia kiwiko. Alikandwa kila siku kwa wiki mbili akilia, na leo kiwiko hakikunjuki chote. Msuli uliopondeka ukisuguliwa kwa nguvu ukiwa bado mbichi unaweza kuota mfupa ndani yake, hasa kiwiko na paja. Aliyeanguka aende kwanza kwenye picha ya mionzi, kukanda kutafuata.

Kine, ambaye karibu hakunigusa

Mdogo wangu alishinda mwishowe. Kine alikuwa kijana mwembamba mwenye viganja vidogo, nikakata tamaa nilipoviona. Robo saa nzima ilikuwa maswali. Maumivu yanashuka mpaka wapi? Ukikohoa yanazidi? Mkojo unautambua? Usiku unatokwa jasho? Umepungua uzito? Kisha akaniinua mguu mmoja umenyooka, akagonga goti kwa nyundo ndogo, akapitisha ncha ya kalamu kwenye wayo, akanisimamisha kwa visigino.

"Mama, lala kifudifudi. Sasa weka viganja kama unataka kusukuma sakafu, inua kifua, kiuno kibaki chini."

"Dokta, si ndiyo nitajivunja kabisa?"

"Polepole. Uniambie maumivu yanahamia wapi."

Kwa mara ya kwanza yalikuwa kwenye paja. Kufika mara ya nane yalikuwa yamepanda kwenye kalio, na mara ya kumi yakakusanyika katikati ya kiuno. Palikuwa panauma zaidi, nikalalamika. Yeye akafurahi: maumivu yanayorudi nyuma kutoka mguuni kuelekea mgongoni ni dalili njema, akasema, yanayoshuka chini zaidi ndiyo mabaya, na yakishuka niache.

Baadaye nilisoma chimbuko la zoezi hilo. Mwaka 1956, Robin McKenzie, kine wa New Zealand, alimwambia mgonjwa mmoja aingie chumbani alale kifudifudi amsubiri. Kitanda kilikuwa kimeachwa upande wa kichwa ukiwa umeinuliwa, mgonjwa akalala hivyo hivyo, mgongo umepinda kinyume, namna ambayo enzi hizo ilihesabiwa kuwa hatari. McKenzie aliporudi alishtuka, lakini mgonjwa akamwambia mguu umetulia kuliko wiki zote zilizotangulia. Njia nzima ikajengwa juu ya kosa hilo la kitanda.

Mkono wa kine ulinigusa labda dakika tano, kulegeza misuli ya pembeni. Nilitoka nikihisi nimeibiwa. Nilipewa kazi ya nyumbani: mara kumi, kila baada ya saa mbili hivi, na kutembea, na marufuku kulala kitandani mchana. Mkanda wa kiuno niliokuwa nimenunua sokoni akaniambia niuvue, na kweli mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno hauupendekezi mkanda huo, wala kuvutwa kwa mashine. Unachopendekeza ni elimu, mazoezi, na pia masaji na kusukumwa kwa pingili za uti wa mgongo, kama sehemu ya tiba, bila kuzifanya tiba nzima. Wiki ya tatu nilikuwa napanda ngazi zetu.

Nisimpambe mno. Kuna kine na kine. Kabla ya huyo, kituo kimoja kilinilaza chini ya taa nyekundu, kikanipitishia kichwa cha mashine ya ultrasoni chenye jeli, na aliyekuwa akinihudumia akatoka kwenda kuongea na simu. Mara sita, kila mara nalipa kabla ya kuingia. Ultrasoni hiyo nayo iko kwenye orodha ya vitu ambavyo mwongozo uleule hauvipendekezi. Kine anayekuwasha mashine bila kukuuliza swali hana tofauti na goti la Cimpunda, ila risiti yake ina muhuri. Na hata kwa kine mzuri, hesabu gharama yote: fishi, pikipiki ya kwenda na kurudi, siku ya kazi iliyopotea. Mwambie mapema una uwezo wa kuja mara ngapi. Kine anayeijua kazi yake atapanga mazoezi kulingana na hizo mara mbili au tatu.

Maumivu yasiyo ya mikono

Yale maswali ya mkojo na jasho hayakuwa porojo. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au sehemu unayokalia ikafa ganzi, au miguu ikaanza kulegea, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mgongo unaouma zaidi usiku, pamoja na homa, jasho na kukonda, unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ulioelezwa na Percivall Pott huko London tangu 1779 na ambao kwetu haujaisha. Unakula pingili polepole hadi mgongo unaota kibyongo. Dawa zake Kongo ni bure. Kuukanda ni kupoteza miezi ambayo mgonjwa hana. Shavu la mguu lililovimba upande mmoja na kupata moto lisikandwe pia, kwani damu iliyoganda inaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu. Na mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu, anayelia mifupa apelekwe hospitali kwanza, kabla ya bome.

Ningekuwa ninyi

Mama anayepandisha magunia kutoka Beach Muhanzi, kamba kwenye paji la uso: hakuna mkono duniani utakaoshinda gunia linalorudi kesho, na sitamdanganya. Jioni akandwe mabega kwa maji moto, nyumbani, na mtu wake. Akianza kufa ganzi vidoleni, aende kwa kine. Shingo hiyo iliyobeba miaka yote hiyo isiguswe na mtu wa kuzungusha.

Fundi cherehani wa Nyawera, ambaye maumivu yake huanzia begani na kuishia kichwani upande mmoja, ana bahati, kwa sababu hayo yanatibika kwa bei ya mpira. Janet Travell, aliyekuwa daktari wa rais Kennedy, alichora ramani ya mafundo ya misuli yanayopeleka maumivu mbali na yalipo; lile la juu ya bega hupanda hadi kwenye panja, pembeni mwa kichwa. Aweke mpira mdogo kati ya bega na ukuta, aegemee, ahesabu hadi 30, asogee. Ainuke kwenye mashine kila baada ya nguo moja. Akiwa na pesa ya masaji moja kwa mwezi, achague ile laini.

Motari wetu bado anaenda Cimpunda. Barabara zetu zinamtikisa kutwa nzima, na kile "kaa!" anakipenda kuliko bia. Jumamosi iliyopita alikuja kuomba chaja, akanikuta sebuleni kifudifudi nikisukuma sakafu. Akasimama mlangoni akitazama hadi nikamaliza kumi. Kisha akaweka chaja mezani, akalala kwenye mkeka pembeni yangu, kofia ya pikipiki bado kichwani, akauliza mikono inawekwa wapi.